Pete ya chuma kwenye ufunguo wa banda la kuku

Ufunguo wa banda la kuku wa Nonna ulikuwa umefungwa kwa uzi kwenye pete. Kwa miaka mitatu niliushika kila asubuhi, nikafungua banda, nikaokota mayai, nikafunga, nikaurudisha kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na hata siku moja sikuiangalia ile pete. Nilidhani ni kipande cha mnyororo wa zamani. Ilikuwa nyembamba, nyeusi, imekwaruzika kila upande. Siku uzi ulipokatika, pete na ufunguo vikaangukia kwenye mavi ya kuku. Nikaviosha kwa maji moto na sabuni, na pale kwenye sinki ndipo nilipoona kuna herufi upande wa ndani. ORO ALLA PATRIA. Halafu tarehe: 18 NOV. XIV.

Dhahabu kwa nchi ya baba. Na pete yenyewe ni ya chuma.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza, mimi ni mtu wa Malindi. Kiitaliano nilikijua kabla sijapanda ndege, kwa sababu Malindi hata muuza madafu wa ufukweni hukutajia bei kwa Kiitaliano. Nilisafisha vyumba vya hoteli miaka minane, kisha 2019 nikaja huku Emilia, kaskazini mwa Italia, kwenye uwanda wa mto Po, kufanya kazi ya badante. Badante ni yule anayelala nyumbani kwa mzee, anampikia, anamwogesha, anampa dawa, anagombana naye na kupatana naye kabla ya chakula cha jioni. Wengi katika kazi hii ni wanawake wa Ukraine, Romania na Moldova. Kila mmoja wetu ana mtoto aliyemwacha kwa mtu mwingine ili amlee mama wa mtu mwingine. Wangu nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka tisa.

Nonna maana yake nyanya, yaani bibi. Hata daktari alimwita hivyo. Nilimpokea 2021 akiwa na miaka 94, mwili kama wa kifaranga, ulimi kama wembe. Alikuwa na mambo mawili ambayo hakuyataka nyumbani mwake: picha yoyote ya Mussolini, yule dikteta wa kifashisti wa Italia, hata ikipita kwenye televisheni, na majani ya parsley, ambayo Waitaliano hutia katika kila kitu kama sisi tunavyotia dania. Jambo la kwanza nilielewa. La pili nililiona ni ukaidi wa uzee tu. Wiki yangu ya kwanza nilimpikia madonge ya nyama nikayachanganya na parsley, akainusa sahani, akaisukuma mpaka ikaanguka. Nililia chooni siku hiyo, sina haja ya kuficha.

Nilipomwekea pete mezani, imeoshwa, hakushtuka. Aliishika akaizungusha, akasema, "Mama aliivaa miezi michache. Kisha akaniambia hiyo ifunge kuku."

Ilimchukua siku tatu kunimalizia habari, kwa sababu alikuwa akisimulia wakati wa kuvuliwa soksi, na soksi zina mwisho.

Alizaliwa Mei 1927, mwezi uleule Mussolini aliposimama bungeni, tarehe 26, siku ya Kupaa, akasema Italia yenye watu kama milioni 40 si kitu, ni lazima ifike milioni 60 kabla ya nusu ya pili ya karne kuanza. Tangu hapo kuzaa kukawa vita. Waliita hivyo hasa, vita vya uzazi. Mwaka huohuo wanaume wasiooa wa umri wa miaka 25 hadi 65 walianza kutozwa kodi ya ukapera, na fedha zake zikapelekwa kwenye shirika la serikali la kuhudumia akina mama na watoto, ONMI, lililoundwa 1925. Mjomba wake Nonna alilipa kodi hiyo miaka yote, akisema mke ni ghali zaidi. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuwasamehe kodi wenye watoto wengi: watoto saba kwa mfanyakazi wa serikali, kumi kwa mtu wa kawaida.

"Mama alizaa tisa, saba wakaishi," Nonna aliniambia. "Hakufika kumi. Na angefika, wangemsamehe kodi gani? Hatukuwa na kitu cha kutozwa."

Mkesha wa Krismasi wa 1933 serikali ilianzisha Siku ya Mama na Mtoto. Akina mama 93 waliokusanywa kutoka pande zote za nchi, ambao kwa jumla walikuwa wamezaa watoto zaidi ya 1,300, walipelekwa Rome wakapokewa na Mussolini na kupewa zawadi. Redio zikasema, magazeti yakapiga picha. Habari ilipofika kijijini kwao, mama yake Nonna alikuwa akikanda unga. Aliuliza swali moja tu: "Na watoto wamebaki na nani?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi, nikiwa kwenye treni, nikiwa kwenye foleni ya kutuma pesa nyumbani.

Maana mama huyu hakuwa mama wa kwenye bango. Kwenye mabango mama wa kifashisti alikuwa mnene wa afya, ameketi, amempakata mtoto, na ngano nyuma yake. Yeye alikuwa mondina. Hao ni wanawake waliopalilia mpunga. Kila mwisho wa Mei walipanda treni kwenda Vercelli na Novara, kaskazini magharibi mwa Italia, wakalala kwenye mabweni ya mashambani, wakainama ndani ya maji kuanzia asubuhi, mbu juu, ruba chini, kwa siku arobaini. Kwetu pwani arobaini ni siku za mzazi kukaa ndani, anakandwa, ananyweshwa uji wa pilipili manga, hashiki maji baridi. Nilipomweleza Nonna hivyo alicheka mpaka akakohoa. Arobaini ya mama yake ilikuwa ndani ya maji, na mwaka mmoja aliipanda treni hiyo wakati mtoto wa nne ana miezi mitatu. Watoto alimwachia mama yake mzazi. Serikali ilikuwa ikihubiri kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani, huku mpunga ukipaliliwa na maelfu ya wanawake wasiokuwa nyumbani, kwa ujira uliokatwa mara kwa mara. Mwaka 1931 waligoma mashambani, jambo lililokuwa kosa la jinai chini ya utawala ule. Mama yake alikuwemo au hakuwemo, Nonna hakuambiwa. Katika nyumba ile mambo ya hatari hayakusemwa mbele ya watoto, na baadaye nitaeleza kwa nini walikuwa na sababu.

Kabla ya hapo niseme jambo ambalo Nonna mwenyewe alinikataza nisiliruke. Maziwa yalikuwa maziwa ya kweli. ONMI ilikuwa na kliniki ambako mtoto alipimwa uzito, na ukumbi wa chakula kwa wajawazito na wanaonyonyesha, na mama yake alikula pale supu na nyama ambayo nyumbani hakuiona tangu Pasaka. Picha ya Duce, yaani Mussolini, ukutani, mwanamke wa chama cha kifashisti mwenye kofia akikagua mikono yao kama ni misafi. Mama alificha mkate kwenye mkono wa gauni awapelekee watoto. "Usiwaandikie watu wako kwamba hawakutupa kitu," Nonna aliniambia. "Walitupa. Hata mimi kuku ninawapa." Shirika lenyewe liliishi kuliko aliyelianzisha. Lilifungwa 1975.

Kulikuwa pia na Massaie Rurali, chama cha wanawake wa mashambani, kilichokuja kuwa na wanachama zaidi ya milioni moja. Walipewa kitambaa cha kichwa chenye nembo, mbegu za bustani, mafunzo ya kufuga kuku na sungura, ili nchi ijitosheleze isinunue nje. Mama alijiunga kwa ajili ya vifaranga. Kitambaa alikitumia kukamulia jibini. Banda nililokuwa nikilifungua mimi lilijengwa wakati ule.

Sasa pete.

Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia. Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo, vikaanza tarehe 18 Novemba, na hiyo ndiyo tarehe iliyochongwa. XIV ni mwaka wa 14 wa ufashisti, kwa maana walikuwa na kalenda yao waliyoanza kuhesabu tangu walipoingia Rome mwaka 1922. Dhahabu ikahitajika. Tarehe 18 Desemba ikatangazwa Siku ya Imani, na hapa Kiitaliano kina ujanja wake, kwa sababu neno moja, fede, ni imani na pia ni pete ya ndoa. Malkia Elena alikwenda kwenye mnara mkubwa wa Rome, kwenye kaburi la askari asiyejulikana, akatoa pete yake mbele ya umati, na wanawake wakafuata kwa foleni. Rome peke yake zilihesabiwa pete zaidi ya 250,000. Pirandello, mwandishi mwenye tuzo ya Nobel, alitoa medali yake. Mwanamke akitoa pete ya dhahabu alipewa ya chuma, na ile ya chuma ilikuwa ndiyo cheti: mtu akikutazama kidole anajua wewe ni wa upande gani.

Wapo waliofanya akili. Walinunua pete ya bei nafuu wakaitoa hiyo, ya harusi wakaichimbia bustanini. Mama yake Nonna alikuwa hajafanya lolote. Wiki ikapita, ya pili ikaingia, na pete ya dhahabu bado iko kidoleni.

Nonna alikuwa na miaka minane. Alikuwa Piccola Italiana, yaani msichana wa jumuiya ya watoto ya kifashisti, kama wasichana wote wa darasa lake: blauzi nyeupe, sketi nyeusi ya marinda, ambayo alikuwa ameazimwa na binamu. Jumamosi wavulana walifanya gwaride na bunduki ndogo za mazoezi. Wasichana walifanya mazoezi ya viungo, ushonaji, na siku moja waliambiwa walete wanasesere, wakapangwa mistari, wakafundishwa kumshika mtoto kwa namna moja wote, kichwa mkono wa kushoto. Nonna hakuwa na mwanasesere. Alishika gogo la kuni lililofungwa taulo. Aliniambia hili akicheka, na nilipocheka nami akanikata jicho.

Mwalimu wao alikuwa mwanamke kijana aliyesoma kuliko kazi aliyopewa. Tangu 1926 wanawake walikuwa wamepigwa marufuku kufundisha fasihi, historia na falsafa kwenye shule za juu zinazoandaa vijana kwenda chuo kikuu. Huyu alikuwa akifundisha watoto wa wakulima kuhesabu. Asubuhi moja alisimamisha watoto ambao mama zao walikuwa wameshatoa pete. Karibu darasa lote lilisimama. Nonna alibaki ameketi na wasichana wengine watatu. Hakupigwa. Hakuambiwa neno. Darasa liliimba, kisha wakaendelea na hesabu.

"Nilirudi nyumbani nikalia mpaka nikatapika," alisema. "Nikamwambia mama, wewe ni msaliti. Neno hilo nilikuwa nimejifunza wiki ile. Baba yangu aliinuka anipige, mama akamzuia. Akachukua sabuni ya kufulia, akakipaka kidole, kilikuwa kimevimba, pete haikutoka kwa miaka mingi, akaivuta mpaka ngozi ikachubuka. Akanipa mimi. Akasema, peleka wewe."

Akaipeleka yeye. Mtoto wa miaka minane, amefumba mkono, anakwenda mbio kwenye theluji hadi ofisi ya chama, na akarudi na ya chuma ndani ya kibahasha. Aliniambia ile furaha hakuipata tena, hata siku ya harusi yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mambo hayakusemwa mbele ya watoto.

Mwisho wa Mei mama alikwenda kwenye mpunga na pete mpya kidoleni. Chuma na maji havipatani. Alirudi na pete imeshika kutu, na mstari mweusi kidoleni usiotoka kwa sabuni wala majivu. Akaivua. Ndiyo ile "ifunge kuku".

Nilimsimulia mama yangu kwa simu habari hii yote. Mama yangu ni Mgiriama wa zamani, hana subira na hadithi ndefu. Akasikiliza, akasema, "Kwa hiyo hao walikusanya pete za wake zao wakaja kutupiga bomu?"

Nikasema, mama, hiyo ilikuwa Ethiopia.

"Na Malindi?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Oktoba 1940, Waitaliano wakiwa wameshika Ethiopia na Somalia na Waingereza wako Kenya, ndege za Italia zilikuja zikaipiga Malindi mabomu. Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa msichana mdogo, umri kama wa Nonna au kupungua kidogo. Yeye hakuwa na tarehe, alikuwa na "mwaka wa ndege". Walikimbilia mashambani, wakalala chini ya mikorosho siku kadhaa, na hadithi yake yote ilikuwa juu ya mbuzi aliyekataa kukimbia. Alikufa bila kujua kwamba mjukuu wake atakuja kuwavua soksi watu hao.

Nilimweleza Nonna. Nilifikiri atasikitika, atasema neno la kistaarabu. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Mbuzi alipona?" Nikasema alipona. Akasema, "Bora." Tukaenda kulala.

Kuna jambo jingine juu ya Ethiopia ambalo Nonna hakulijua na mimi ndiye niliyemsomea. Wanaume wa Kiitaliano waliokwenda Eritrea, Somalia na Ethiopia waliishi na wanawake wa huko, wakazaa nao. Aprili 1937 ikatoka sheria: Mwitaliano anayeishi kinyumba na mwanamke mwafrika wa makoloni atafungwa mwaka mmoja hadi mitano. Haikuwa kwa ajili ya kumlinda mwanamke, la. Kosa lilikuwa kuishi naye kama mke. Mei 1940 ikaja nyingine, baba Mwitaliano asimtambue kisheria mtoto aliyezaa na mwafrika, na malezi yakabaki juu ya mama. Serikali ileile iliyokuwa ikitoza kodi makapera kwa sababu hawazai, ikawa inawafuta watoto waliokwisha kuzaliwa. Mwandishi wa habari mashuhuri sana wa Milano, Indro Montanelli, alisema mwenyewe kwenye televisheni mwaka 1969 kwamba alipokuwa askari huko alijinunulia msichana wa miaka 12. Alijengewa sanamu, na 2020 vijana waliimwagia rangi nyekundu. Niliiona kwenye simu nikiwa nimefungiwa ndani na korona, kwa bwana mzee niliyekuwa nikimtunza kabla ya Nonna. Yeye alikasirikia rangi.

Mwanangu ana ngozi ya chungwa la Malindi na macho ya baba yake. Baba yake ni mtu wa kaskazini mwa Italia, alikuja misimu mitatu mfululizo, wa nne hakuja. Kwenye cheti cha kuzaliwa upande wa baba pana mstari. Hakuhitaji sheria ya kumkataza.

Nonna alijua. Kila Jumapili alitaka nimpigie mwanangu kwa video, wakisalimiana kwa mkono, "ciao, ciao," mtoto akiona haya. Alimwita mjukuu wa kuku, kwa sababu kila simu ilipigwa tukiwa bandani, ndiko mtandao ulikoshika.

Ya parsley nilikuja kuyajua karibu na mwisho, na sikuuliza.

Kanuni ya adhabu ya 1930, inayoitwa kwa jina la waziri wa sheria Rocco, iliweka sura nzima ya makosa dhidi ya ukoo wa taifa. Kutoa mimba kukawa kosa dhidi ya taifa, si dhidi ya mtu. Hata kueneza habari za kuzuia mimba kukawa jinai, na kifungu hicho kilikaa mpaka 1971, ufashisti ukiwa umekufa zamani, Mussolini ameoza, na Nonna ana miaka 44. Wanawake wakazuia hivyohivyo. Ndiyo kichekesho chenyewe: kwa kodi zote zile, mabango yote, vyeti vyote, kiwango cha uzazi Italia kiliendelea kushuka miaka ya thelathini. Hotuba zilikuwa balkonini na maamuzi yalikuwa chumbani.

Ila waliokuwa na uwezo walikuwa na daktari wa siri. Maskini walikuwa na bustani, na parsley ndiyo iliyokuwa dawa yao ya kutoa mimba. Shangazi yake Nonna, mdogo wa baba, alikuwa na watoto wanne, mkubwa ana miaka sita. Majira ya baridi ya 1938 Nonna aliingia chumbani kwake kumpelekea kuni. Kulikuwa na sufuria sakafuni, na chumba kizima kilinuka parsley. Watu wazima walisema amekufa kwa homa. Padri aliandika homa. Watoto wanne wakagawanywa kwenye nyumba tatu, mmoja akaja kulala kitanda kimoja na Nonna, na usiku alikuwa akimshika sikio, kwa sababu alizoea kulala akimshika mama yake sikio.

Aliposema hilo la sikio alinyamaza. Nikamaliza kumpaka mafuta miguuni. Nonna mwenyewe alizaa mtoto mmoja tu, mwanamume, sasa mstaafu Bologna. "Usiniulize nilifanyaje," alisema, kama kwamba nimemwuliza.

Mwaka huohuo wa 1938 amri ilitoka kwamba wanawake wasizidi asilimia 10 katika ajira za maofisini. Nonna hakuikumbuka kabisa. Kwao hakukuwa na ofisi.

Kuna mama mmoja ambaye sote wawili tulijua habari zake kupitia televisheni, na usiku ule hatukulala mapema. Ida Dalser alikuwa na mwana wa Mussolini, aliyezaliwa 1915, na baba alimtambua mtoto kisheria, akaitwa Benito Albino Mussolini. Dalser alisema hadi kufa kwamba walikuwa wamefunga ndoa. Mussolini akamwoa Rachele, na alipotwaa madaraka huyu wa kwanza akawa aibu inayotembea. Alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Pergine, kisha kisiwa cha San Clemente, Venice, akafia huko Desemba 1937. Mtoto walimnyang'anya, wakambadili jina, na yeye pia akafia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, karibu na Milano, 1942, akiwa na miaka 26. Na Mussolini huyo ndiye aliyesema vita kwa mwanamume ni kama uzazi kwa mwanamke.

Nonna alizima televisheni kwa rimoti, akakosa kitufe, ikaongezeka sauti. Tulicheka kwa kukosa la kufanya.

Na usidhani haya aliyaweka kwenye sanduku la zamani. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, takwimu zilitoka kwamba 2023 walizaliwa Italia watoto wapatao 380,000 tu, na kila jioni kulikuwa na wazee wa suti kwenye televisheni wakilia kwamba taifa linakufa, wanawake hawazai. "Wahesabu kuku!" alikuwa akiwapigia kelele. Halafu ananigeukia: "Wewe una mtoto yuko tayari, amekwisha kuota meno. Waambie wamchukue huyo." Makaratasi ya kumleta mwanangu nilikuwa nimeyawasilisha kwa mara ya pili. Mara ya kwanza yalirudishwa kwa sababu chumba changu kwa Nonna kilipungua mita mbili za mraba.

Kumbukumbu yake moja nzuri ya mambo ya serikali ilikuwa tarehe 2 Juni 1946, wanawake walipopiga kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza, kuchagua kati ya mfalme na jamhuri. Nonna alikuwa na miaka 19, umri wa kupiga kura ulikuwa 21, kwa hiyo alimsindikiza mama yake tu. Gazeti moja lilikuwa limewashauri wanawake wasipake rangi ya midomo, kwa sababu karatasi ya kura ilikuwa ikigundishwa kwa kuilamba, na alama ingeiharibu kura. Mama yake, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumiliki rangi ya midomo, aliifuta midomo kwa aproni kabla ya kuingia. Mara mbili. Alikaa ndani muda mrefu hadi watu wakaanza kunung'unika. Alipotoka Nonna alimwuliza amechagua nini. Mama akamwambia, "Wewe siri huwezi."

Nonna alifariki Novemba 2024, asubuhi, nikiwa bandani. Mwanawe alikuja kutoka Bologna, mtu mpole, akaniambia nichague kitu cha kumbukumbu. Nikaomba pete ya ufunguo. Alidhani natania, akasema kwenye intaneti zinauzwa bei ya chakula cha mchana, zimejaa. Kuku alichukua jirani. Nyumba iliuzwa masika yaliyofuata.

Sasa nimo kwa mama mwingine, ghorofa ya tatu, hana kuku, ana paka. Pete nimeifunga kwenye ufunguo wa chumba changu, ambacho kina mita za mraba za kutosha, nimezipima mwenyewe. Nikinyeshewa inaniachia alama nyeusi kwenye kidole gumba. Naisugua kwa limau.